Kukagua Meno

Shangazi Kageha, mnunuzi wa ndama kule Lubao,
alinipa masharti kabla sijafunga kamba za viatu:
"Usitazame pembe. Pembe hupakwa mafuta.
Fungua mdomo, hesabu meno,
kisha mtembeze mwenyewe. Usikubali utembezewe."

Nikaja hivyo, Jumamosi ya wageni,
kwenye chuo kidogo cha afya juu ya Chavakali:
majengo matatu, na la nne nguzo tupu,
mawe makubwa ya Maragoli yameketi uani
kama wagonjwa waliochoka kupanga foleni.

Pembe zilikuwapo, na zilipakwa mafuta kweli.
Zulia jekundu hadi mlangoni, soda baridi,
brosha yenye msichana wa koti jeupe
anayetabasamu huku jicho li kwenye hadubini.
Nani hutabasamia hadubini?
Bwana Amugune wa usajili alitamka "ubora" mara kumi na moja.
Nilihesabu. Si nilitumwa kuhesabu?

Basi, meno.
Hadubini tisa, moja imefunikwa kitambaa cha meza;
wanafunzi wa mwaka wa kwanza arobaini na wawili.
Kiunzi cha mifupa, kidole gumba hakipo.
Maktaba ni chumba kimoja, lakini kina watu,
na mmoja wao amelala juu ya kitabu,
mate yake yameulowesha ukurasa wa figo.
Kibali cha baraza la wauguzi kimetundikwa ukutani:
sikusoma mhuri, nilisoma tarehe.
Bombani kuna sabuni. Kipande, lakini kipo.

Nikauliza wangapi walianguka mtihani wa leseni mwaka jana.
Bwana Amugune akakohoa, akatafuta kalamu.
"Saba," ikajibu sauti nyuma yangu,
"kati ya thelathini na wanane. Watano wamerudi kusoma.
Wawili hatujui waliko."

Ndiye Vugutsa, fundi wa chumba cha mazoezi.
Nikamfuata yeye.

Kwenye chuo kile kingine, cha Kisumu, chenye lifti,
mkono wa mpira ulikuwa bado ndani ya nailoni,
unang'aa kama ulishushwa kiwandani jana.
Nilinyoosha kidole, nikaambiwa, usiguse.

Huu wa hapa umechakaa.
Kiwikoni mpira umetobolewa ukatoboleka
hadi umekuwa chujio la chai;
umezibwa kwa gundi ya baiskeli, ukatobolewa tena.
Maji mekundu yanadondoka ndani ya beseni.
"Tunao mmoja tu," Vugutsa alisema, bila aibu, bila fahari.
"Kila mtu hukosa mshipa hapa mara thelathini
kabla hajaruhusiwa kumshika mtu mwenye mama."

Akanipa glavu. Akanipa sindano.
Nikakosa.
Nikakosa tena, chini kidogo,
na mkono ule haukuvutika, haukutetemeka,
haukusema "polepole, mjukuu wangu"
kama alivyosema babu Lugalia usiku ule wodini,
muuguzi akimtafuta mshipa, mara ya tano, mara ya sita,
mimi nimemshikia tochi ya simu,
najiuliza huyu alijifunzia wapi,
na kwa mkono wa nani.

Sijaamua.
Karo ni ndama wawili kila muhula
na mmoja wao bado ananyonya.
Yale majengo ya nguzo tupu, nani anajua yatapata paa lini.
Nimeshuka hadi lami na glavu bado mkononi,
nimesahau kuivua, watu wananitazama.

Jioni Shangazi atauliza, na mkono wake kiunoni:
"Ehe, anatembeaje?"
Nitamwambia mapengo yapo. Nitamwambia kwato zimelika,
zimelika kwa kutembea.
Atanyamaza, kwa sababu babu Lugalia alikuwa babake.
Halafu atauliza bei,
maana bei yeye huiuliza mwisho.